Mashine Iliyoomba Kufunguliwa Njia

Vita vya kwanza nilivyovitunga maishani mwangu vilikwisha kabla chai haijachemka. Aliyesogea kwanza alipiga, aliyepigwa akafa, na skrini ikaandika MSHINDI kwa herufi kubwa za kijani kana kwamba kuna jambo la maana limetendeka. Nikajipigia makofi peke yangu. Ndipo Abti Dakane, ndugu yake mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakora yake kwapani, akaniuliza swali nililolibeba mpaka siku ya kustaafu.

"Sasa huyu ingine alikuwa nafanya nini wakati nabigwa? Alikuwa nalala?"

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotunga michezo ya zamu, ile ya mmoja kusogea na mwenzake kungoja. Mnaniletea kazi zenu nizitazame, mnaniita Eddo Habiba, yaani shangazi Habiba, kwa heshima, na picha zenu kwa kweli zinapendeza kuliko chochote tulichokiota sisi. Lakini vita vyenu, wanangu! Mara nyingi yule anayepigwa bado amelala. Basi nipeni masikio. Nitasimulia ninavyokumbuka wala si kwa mpangilio wa miaka, kwa sababu kichwa changu hakikupangwa hivyo.

Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa taipu mtaa wa Galbet, hapa Garissa. Darasa langu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Abti, na mlango wake ulifungukia barazani. Asubuhi wasichana walikuja kugonga taipu mpaka majirani wakalalamika. Alasiri chumba kilikuwa changu. Abti alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, alinunua kule Griftu na Elwak akauza Garissa, na safari moja ya Nairobi alirudi na mashine za taipu kwa ajili yangu. Muuzaji alikuwa amemwongezea kompyuta kuukuu juu yake. Abti alidhani ni televisheni iliyooa taipu. Alipogundua haionyeshi taarifa ya habari, aliifunika shuka na kusema nifanye nayo nitakavyo.

Nilifanya. Mwalimu Mutua, Mkamba wa Mwingi aliyefundisha hesabu katika shule ya upili mjini, alinipa kitabu cha Besiki, lugha ya kuiandikia kompyuta amri. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiogopa na kuidharau kwa kiasi kinachofaa.

"Habiba," alikuwa akisema, "hii kitu ni mtumishi mtiifu kuliko wote, na mjinga kuliko wote. Ukiiambia iruke ndani ya kisima, itaruka. Halafu itakungoja huko chini uiambie itoke."

Nilitunga mchezo, nikauita Kisima. Skrini iligawanywa miraba kama kitambaa cha drafti. Upande mmoja una watu wake, mwingine una wake, na katikati kuna visima. Kila zamu unasogeza mtu mmoja. Ukimsogeza akamkaribia adui, ukitaka wanapigana papo hapo. Atakayeshika visima vyote ndiye mshindi. Upande mmoja huchezwa na binadamu, upande wa pili na mashine. Ni mchezo mdogo sana, nyinyi mnaweza kuuandika kwa siku moja huku mnakula. Mimi ulinichukua msimu mzima, na karibu uniondolee mashine yenyewe.

Maana wakati huo Abti alikuwa na rafiki kule Elwak, Hajji Kulow, mwenye duka kubwa. Hajji alisikia habari za kompyuta akaitamani, aiweke dukani watu waje kuitazama. Akatoa ahadi ya ngamia jike anayekamuliwa. Abti akakubali pale pale, wakapeana mikono.

Nililia. Sikuona haya kulia na sioni haya kusema. Nilimwambia mashine ile ndiyo kazi yangu, na taipu zingekufa siku moja na mimi nife nazo.

"Naa Habiba," akasema, na hakuwa mkali, "ngamia natoa maziwa. Hii yako natoa nini? Joto."

"Inafikiri, abti."

"Nafikiri nini? Mimi nimeona fita yake. Abana, hiyo hafikiri." Akatafakari kidogo, maana alinipenda. "Sikia. Siku itanishinda mimi, Dakane, kwa fita ya haki, mbele ya watu, itakaa hapa mbaka ifunjike. Lakini kama barabara nakauka kwanza, inabanda lori."

Mwaka ule mvua ilikuwa imekata barabara. Mto ulifurika, malori yakakwama kila upande, na mji mzima ulikuwa ukiomba jua. Watu waliumia na mifugo ikafa, nami niliomba pamoja nao. Lakini kila nilipoona wingu upande wa Wajir, moyo wangu ulipata nafuu kidogo. Mungu anajua.

Sasa mjue pia kwamba Abti Dakane ndiye aliyekuwa bingwa wa shax pale Galbet. Shax ni mchezo wetu wa ardhini: unachora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, unapanga kokoto zako na mwenzako anapanga vijiti vyake, na ukiweza kuweka tatu kwenye mstari unamwondolea moja. Hauna bahati hata chembe. Wazee hucheza kuanzia Alasiri mpaka Magharibi, na hakuna mtu anayecheza peke yake. Aliyekaa nyuma anashauri, aliyesimama anamkosoa aliyeshauri, mpita njia naye anateremsha mzigo wake atoe maoni. Kumshinda Abti kulimaanisha kulishinda baraza zima.

Nilianza na lile swali lake la mtu aliyelala. Nilimpelekea Mwalimu Mutua, akacheka. "Kwani aliyepigwa hana mikono?" Basi nikabadilisha: wawili wakikutana wanapigana kwa pamoja, kila mmoja anapunguziwa nguvu kwa kadiri ya nguvu za mwenzake. Kusogea kwanza hakukuwa tena kushinda kwanza. Siku hiyo nilielewa kwamba pigo ni mazungumzo ya watu wawili. Kila mara mnaponiletea mchezo ambao mwenye zamu anafagia uwanja, namkumbuka Mutua na kicheko chake.

Kisha nikaharibu. Nilisoma kitabuni kwamba kompyuta inaweza kutoa namba za bahati nasibu, nikaona utamu wake, nikazitia kwenye vita. Mwenye nguvu angeweza kushindwa na mnyonge mara moja moja. Nilidhani huo ndio uhai wenyewe. Nikaisogeza meza mlangoni, skrini ikatazama barazani, nikamwita Abti. Yeye hakuwahi kugusa vitufe hata siku moja. Alikaa mkekani, akaonyesha kwa bakora mtu gani aende wapi, nami nikaandika.

Mtu wake mwenye nguvu zote alikutana na wa mashine aliyekuwa hoi, na wa kwake akafa. Abti akasimama. Akainama akachungulia chini ya meza.

"Dadu iko wapi?"

"Iko ndani, abti."

"Itoe nione."

"Haitoki. Ni hesabu tu."

"Kama mimi haioni dadu, hiyo si bahati. Hiyo ni wisi."

Niliwacheka wazee kimoyomoyo kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai, halafu kicheko kikaniisha. Alikuwa amesema kweli. Bahati ambayo mchezaji haioni, kwake ni wizi, hata kama hesabu zako ni safi kama maji ya mvua. Nikaing'oa. Badala yake nikaandika nguvu za kila mtu kando yake, namba mbele ya macho ya wote, ili kila mtu apige hesabu kabla ya kunyanyua mguu. Siwaambii msitumie bahati. Mkiitumia, iwekeni mezani watu waione.

Hapo likaja tatizo jingine. Kila kitu kilipokuwa wazi, hakuna aliyetaka kuanza. Mzee Gedi, mpinzani wa Abti wa miaka yote katika shax, aliketi zamu yake, akawaweka watu wake wote kwenye visima, akatulia.

"Sogea basi," Abti akamwambia kutoka nyuma.

"Niende wafi? Mimi niko na maji."

Na alikuwa sawa! Baraza zima lilijaribu kumtoa pale kwa hoja likashindwa. Mashine nayo, kwa utiifu wake, ikakaa kwenye visima vyake. Adhana ya Magharibi ilitukuta hakuna aliyekwaruzwa. Mchezo wa vita ambao mwenye akili timamu hapigani si mchezo, ni picha ya ukutani. Wakati tunanyanyuka kwenda kutawadha, Abti akanung'unika kwamba hajawahi kuona kisima kisichokwisha maji, na mtu asiyeshikwa na kiu.

Kwenye kutawadha kwangu nilikuwa nikiandika amri kichwani. Mungu anisamehe na hilo.

Kesho yake nilitia kiu: mtu akikaa mbali na maji, nguvu zinapungua kila zamu. Nikatia na ukavu: kisima kikichotwa maji sana kinakauka, kikipumzishwa kinajaa tena. Na kwa kuwa nilikuwa nimewaka, nikaupanua uwanja mara mbili, yote kwa mkupuo mmoja. Tulipocheza, watu wa pande zote mbili walikufa njiani kabla ya kuonana.

"Wamekufa wote na hakuna mtu alibigana," Mzee Gedi akasema kwa masikitiko. "Hii si fita. Hii ni ukame."

Sikujua kosa liko wapi, kwenye kiu, kwenye visima au kwenye uwanja. Ilinibidi nivunje vyote, nirudishe kimoja kimoja, na kila kimoja tukicheze kabla ya kutia kingine. Haraka haraka haina baraka, na sijui mahali ambapo methali hiyo ni kweli kuliko hapa. Badilisha kitu kimoja, cheza, sikiliza. Kila nilipowaona vijana kazini wakibadilisha vitu kumi kwa siku kisha wanauliza mchezo umeharibikia wapi, niliwapelekea chai tu.

Niwaambie kidogo tulivyofanya kazi, maana mnadhani tulikuwa watu wa miujiza. Joto la Garissa halikuiruhusu mashine ifikiri mchana. Nilitundika kitambaa chenye maji dirishani na kukiloweka kila kikikauka. Vumbi tulilizuia kwa shuka. Diski zangu mbili nilizitunza ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, umefungwa vizuri, juu kabisa ya kabati. Taa zikikonyeza tu, nilihifadhi kazi kabla ya kusema Bismillahi ya pili. Mpaka leo siwezi kunyanyuka kitini bila kuhifadhi, hata ninapoandika orodha ya sokoni.

Na wajaribu wangu walikuwa baraza. Miaka ya baadaye, nilipoajiriwa Nairobi na kampuni ndogo iliyotunga michezo ya simu, tuliwaweka wachezaji kila mmoja kwenye chumba chake, kimya, tukiandika wanachofanya. Niliwaomba wawaweke wote chumba kimoja, mmoja acheze na wengine wamkosoe. Walidhani nina utani. Lakini anayecheza huona haya kusema haelewi. Aliye nyuma yake hana haya. Atapiga kelele, "Mbona usimpige huyo?" na hapo hapo utajua mchezo wako umeficha nini. Wakubwa wangu walikubali mwishowe, na chumba kile kikawa na kelele tamu kama baraza la Galbet.

Turudi kwenye mvua. Ilikatika. Siku moja nilisikia honi ya lori nikajua daraja linapitika. Kisima kilikuwa kimekuwa mchezo wa kweli: watu walisogea, walipimana, walirudi kunywa, walikimbilia kisima kinachojaa. Nilikuwa nimeifundisha mashine kutazama hatua mbili mbele. Ilikuwa inamshinda Mwalimu Mutua, na ilimshinda Mzee Gedi mara moja akasema alikuwa na homa. Abti hakuwa ameshindwa. Hajji Kulow alikuwa ametuma salamu kwamba ngamia yuko tayari.

Abti akaketi mkekani. Alicheza vile alivyocheza shax, bila haraka, akiwazungusha watu wa mashine mpaka akawabana wote pembeni. Kila mraba uliowazunguka ulikuwa na mtu wake. Hawakuwa na pa kukanyaga. Zamu ikawa ya mashine, na mashine ikaganda. Kidoa cha kijani kiliwaka na kuzima, kikawaka na kuzima.

Mimi nilijua kilichotokea. Nilikuwa nimeiambia itafute hatua, nayo haikuwa na hatua, basi ikaendelea kutafuta. Imeruka kisimani, inangoja niiambie itoke. Nikasema kwa sauti ndogo, "Umeshinda, abti."

Baraza lilianza kushangilia. Abti aliinua bakora wakanyamaza. Uso wake ulikuwa na hasira.

"Nimeshinda nini? Mimi nimeifunga."

"Ndiyo. Haina pa kwenda. Umeshinda."

"Mbona haisemi nifungulie?"

Nilimtazama nisielewe. Mzee Gedi ndiye aliyenieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Katika shax ukimfunga mwenzako asiwe na pa kusogea, hujamshinda. Anakuomba njia, nawe lazima umfungulie kwa hatua yako mwenyewe, na kwenye hatua hiyo huruhusiwi kumdhuru. Nilikuwa nimeona jambo hilo barazani tangu utotoni. Nilipita kando yake na ndoo za maji mara maelfu. Haikunijia kamwe kwamba ni sheria ya vita.

"Umenifanya mimi mtu thalim," Abti akasema. "Mtu amekosa njia, mimi nasimama juu yake natangaza nimeshinda? Watu watasema nini?" Akafunga shuka lake vizuri. "Hii leo si hesabu. Lori ya Elwak nabakia misigo kesho kutwa. Kesho nakuja mara moja tu."

Nilipata siku moja ambayo sikuwa na haki ya kuipata, na ilitoka kwa mtu yule yule aliyekuwa akinishinda. Bado nikiikumbuka natabasamu.

Asubuhi yake niliwaambia wasichana wa taipu wajizoeze wenyewe. Nikaandika sheria. Upande uliofungwa usiwe na hatua unaomba njia. Mpinzani lazima asogeze mtu mmoja kando, na hatua hiyo haipigani. Mistari michache tu. Mwalimu Mutua alipita wakati wa mapumziko ya shule, akacheza, akainua nyusi.

"Unajua umefanya nini? Sasa kumzingira mtu kuna gharama. Anayezingira anapoteza zamu."

"Ni mila tu, mwalimu."

"Mila, haya. Lakini wacha nikuambie, hii mashine yako inaangalia mbele. Itaijua hiyo mila kabla ya sisi."

Sikumwelewa vizuri. Nilimpa chai akaenda.

Alasiri baraza lilijaa mpaka barabarani. Lori la Elwak lilikuwa limeegeshwa ng'ambo, dereva akiwa ameacha kukagua magurudumu yake aje kushauri, na ilishatengwa nafasi nyuma ya kibanda chake, imetandikwa gunia, kwa ajili ya kompyuta yangu. Niliiona nafasi ile vizuri kutoka nilipokaa.

Abti alicheza vizuri kuliko siku zote. Alichukua kisima cha kwanza, akakinywa, akachukua cha pili. Mashine ilipoteza watu. Ikabaki na watatu tu, wa Abti sita. Halafu ikafanya jambo lililonikata maini. Iliwachukua watu wake watatu ikawapeleka pembeni kabisa, kwenye kisima kilichokauka, mahali pasipo na njia ya nyuma. Iliingia mtegoni kwa miguu yake.

"Imechanganyikiwa," mtu akasema nyuma.

"Joto," dereva akasema.

Nikajua nimekosea mahali. Nilitafuta kosa kichwani, mstari kwa mstari, huku Abti akiwaleta watu wake mmoja mmoja kuziba mraba baada ya mraba. Alizungusha watu sita, akaifunga kabisa. Skrini ikatulia. Kisha maneno niliyoyaandika asubuhi yakajitokeza, herufi moja moja, kwa ule mwendo wa mashine ile kuukuu:

NIMEFUNGWA. NIFUNGULIE NJIA.

Niliwasomea kwa Kisomali. Halafu Mzee Gedi akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa mpaka kwa dereva. "Subhanallah, Dakane, nakuomba! Mashine nakuomba!" Abti mwenyewe alikuwa ameketi wima, na usoni mwake niliona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa amefurahi. Alikuwa ameombwa kwa adabu, mbele ya watu.

"Haya," akasema kwa upole, akiisemesha skrini na si mimi. "Nakufungulia."

Akaonyesha kwa bakora mtu wa kusogea. Watu wakambishia, huyu la, yule, na yeye akamsogeza yule yule aliyemchagua. Nikaandika. Na nilipokuwa naandika nikatazama zile namba kando ya watu, nikaelewa, na nusura nipige ukelele.

Kisima kile kikavu kilikuwa kimepumzika. Wakati wote ambao Abti alikuwa akiwapanga watu wake kukizunguka, kilikuwa kikijaa. Watu watatu wa mashine walikuwa wamekaa juu ya maji wakinywa. Watu sita wa Abti walikuwa wamesimama juani, mbali na kisima chochote, na kila zamu kiu iliwapunguza. Zamu ya kufungua ilikuwa ni zamu nyingine ya kiu, na haikuruhusu pigo. Kila zamu mashine ilikuwa imetazama hatua mbili mbele, ikaona kukaa pale kunailipa. Ilijifungia makusudi.

Mtu wake wa kwanza akatoka kwenye njia aliyofunguliwa, akiwa na nguvu kamili. Akakutana na wa Abti aliyekauka, akamwangusha. Zamu iliyofuata akaangusha mwingine. Abti akajaribu kuwarudisha wengine majini lakini visima vyake vilikuwa mbali, na alikuwa amevinywa mwenyewe mpaka chini. Kwa mara ya kwanza tangu nilijue baraza lile, hakuna aliyekuwa na ushauri. Wote walikuwa wakihesabu. Mzee Gedi alikuwa akihesabu kwa vidole.

Mtu wa mwisho wa Abti alisimama peke yake ukingoni mwa uwanja. Mashine ikamzunguka pande tatu zilizobaki, ikamfunga.

Nikageuka nimtazame. Abti alikitazama kile kidoa cha kijani, akalaza bakora yake mkekani, na akaiambia mashine, kwa sauti ambayo dereva aliisikia:

"Nifungulie."

Mashine ikafungua. Ilisogeza mtu wake mmoja kando, haikumpiga, kama sheria ilivyosema. Baraza lilipiga kelele ambayo nadhani waliisikia ng'ambo ya mto. Abti alitoka, akapigana, akaanguka katika zamu iliyofuata. Visima vyote vikawa vya mashine. Hakuna aliyesema ni wizi. Hakuna aliyechungulia chini ya meza.

Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na Mwalimu Mutua, aliyekuwa amefika mwishoni na chaki bado mkononi, alikuwa akinipigia saluti kutoka barabarani.

Dereva akauliza kama apakie au asipakie, maana Hajji Kulow alikuwa anangoja. Abti alinyanyuka akapangusa shuka lake.

"Mwambie Hajji ngamia yake ikae kwake," akasema. "Mwambie hii mashine iliniomba njia, nikafungulia. Na mimi nikaomba, ikanifungulia. Mtu kama huyo, wewe nauza?"

Akaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, akalichukua lile shuka alilokuwa ameifunika nalo siku ya kwanza, akalitundika dirishani. Akaniomba maji ya kulilowesha, ili mashine isipate joto.